Mama wa Juu Hakupenda Tuzibe Mdomo

Nyumba yao ilikuwa juu ya yetu mlimani, kiasi kwamba maji waliyomwaga uani kwao yalishuka mpaka kwenye migomba yetu. Ndiyo sababu tulimwita Mama wa Juu. Alikuwa na jina la ubatizo kama watu wengine, lakini sisi wa chini hatukuwahi kulitumia, na nikilitumia leo nitaona ninamsema mtu mwingine.

Ukiwauliza watu wa kwetu, watakuambia alikuwa mama wa vichekesho, mwanamke aliyeweza kumchekesha hata mtu anayetoka kuzika. Si uongo. Lakini wanaosema hivyo hunikera kidogo, kwa sababu wanalisema haraka, kisha wanahamia kwenye habari za kahawa. Mimi nilikulia uani kwake kama nilivyokulia kwetu. Nataka kulisema polepole.

Nianze na beseni. Wanawake wa kwetu waliwaogesha watoto wachanga ndani, karibu na mafiga, kwa sababu ya ukungu na kwa sababu ya macho ya watu. Mama wa Juu aliogesha nje, mtoto wake na wa jirani. Jua likishapanda na ukungu kuondoka, alibeba beseni la bati mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo kila apitaye njia ya kwenda ndivani, kwenye bwawa letu la kumwagilia, alikuwa hana budi kuona. Alimimina maji ya moto, akayapoza, akayajaribu kwa kiwiko, akamweka mtoto ndani. Kuanzia hapo kuogesha kulisahaulika. Alimpulizia tumbo. Alilia kama mbuzi. Alipiga mluzi wa treni inayokata kona ya Makanya, akatoa na moshi kwa mashavu. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, maji yakamwagika yote, na ikabidi yachemshwe mengine.

Naye hakuridhika kucheka na mtoto peke yake. Aliita watu. "Njooni mwone! Njooni mwone mwenye meno mawili anavyojidai!" Wenye majembe begani walisimama, wengine wakiguna, wengine wakicheka. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mkali ambaye hata mbwa walimkwepa, alisimama siku moja kumwonya kwamba kicheko kingi humharibu mtoto. Mama wa Juu alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Ni kweli, baba. Hebu nishikie huyu kidogo, nikachukue kitambaa." Akaingia ndani akakaa huko. Alipotoka, mzee alikuwa amechuchumaa na kofia yake iko kwenye matope, analia kama mbuzi. Tangu siku hiyo alipopita pale alikohoa na kutazama upande wa pili.

Wakati wa kumlisha mtoto alijifanya hajui mdomo uko wapi. Alileta tonge la makande yaliyopondwa mpaka sikioni, akalipeleka kwenye paji la uso, akashangaa kwa nini halimezwi. Mtoto alimshika mkono kwa hasira na kuuelekeza mahali pake. "Aaa! Kumbe huku!" Kila tonge alishangaa upya. Mtoto aliyeanza kutembea akaanguka, naye alianguka. Nimemwona mama mzima, shuka kiunoni, amekaa chini kwenye majani ya migomba akilalamika kwamba ardhi ya mahali hapa ina ukorofi, na mtoto amesimama mbele yake amesahau kulia, anamnyooshea mkono amwinue.

Pia alikuwa mwizi wa watoto. Mama yangu alimlaza mdogo wangu kivulini akaenda kung'oa maharage, na akirudi alikuta ngozi tupu. Hakushtuka. Aliinua kichwa akapiga kelele kuelekea juu, "Mrudishe, ana njaa!" Na kutoka juu sauti ilijibu, "Amekwisha kula, na hakutaji!"

Alilea mabinti wawili. Mkubwa, Eliapenda, alikuwa rika langu, na wa pili alimfuata kwa karibu. Ungedhani mwanamke aliyependa watoto namna hiyo angekuwa na watoto wengi. Sikujiuliza. Mtoto hajiulizi habari za watu wazima mpaka zimguse shavu, na mimi zilinigusa shavu kwa maana yake halisi.

Ilikuwa Jumapili, nje ya kanisa. Wasichana wa kwetu tulifundishwa kwamba binti mwenye adabu akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Eliapenda alinisimulia jambo fulani la kipuuzi, nikacheka, na nikaziba mdomo vizuri kabisa kama nilivyofundishwa. Mama wa Juu alitokea sijui wapi. Alinipiga kofi kwenye mkono ule uliokuwa mdomoni, na ncha za vidole vyake zikaniwasha shavuni.

"Toa mkono! Nani amekuziba? Nani?"

Watu waligeuka. Macho yake hayakuwa ya mama ninayemjua. Kisha yakarudi, akanivuta kifuani akanifuta uso kwa kanga yake akisema, "Cheka na nje, mwanangu. Cheka dunia ikuone." Alikuwa na msemo huo siku zote, na sisi watoto tuliuiga kwa mzaha. Siku hiyo haukuwa mzaha hata kidogo.

Nyumbani nilimshtaki kwa mama. Nilitegemea mama apande juu kugomba, kwa sababu hakuwa mtu wa kuonewa. Alikuwa anapembua maharage kwenye ungo. Aliendelea kupembua kwa muda, kisha akaniambia nikae chini.

"Mwache," alisema. "Yule alikuwa na mtoto wa kwanza."

Kwetu, zamani, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego. Iliaminiwa kwamba akiachwa akue, watu wa ukoo wake watakufa mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo hakuachwa akue. Liko jabali mlimani ambalo wazee wetu hawakupenda kulitazama. Sina haja ya kueleza zaidi. Wajerumani walikataza. Waingereza walipokuja wakakataza tena, na kanisani tulihubiriwa kwamba jino ni jino tu. Lakini hofu haikuhama siku ile ile amri iliposomwa. Mtoto wa namna hiyo aliweza kuugua ghafla akazikwa, na majirani wakatoa pole bila kuuliza maswali.

Wakati wenyewe ni miaka ya mwanzo ya Mwingereza. Mama wa Juu alikuwa bibi harusi bado, mgeni kwenye mlima wetu. Mumewe alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge kule upande wa Tanga, akija nyumbani kwa nadra. Yeye alikaa na mama mkwe wake, mwanamke mrefu, mkavu, asiyetia neno mahali ambapo kimya kingetosha. Sisi tulimwita Bibi wa Juu. Mtoto alikuwa wa kiume, na mama yangu, aliyemnyonyesha mara moja moja, alisema hajawahi kuona mtoto mwepesi wa kucheka kama yule. Alicheka akiamka, alicheka akiona mwiko. Kicheko chake kilianza kwa kuvuta pumzi ndefu, kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu ndipo kikatoka.

Jino lilipokuja, mama yake alilijua kwa titi kabla ya kuliona kwa macho. Aliumwa kutoka juu. Alimtoa mtoto kwenye titi, akampeleka mlangoni penye mwanga, akamfungua mdomo. Kisha akaufunga.

Hakumwambia mtu. Aliamua kusubiri meno ya chini. Meno ya chini yakishatoka, nani atajua lipi lilitangulia? Ilikuwa hesabu ya mama, na haikuwa hesabu mbaya. Tabu ni kwamba mtoto mwenyewe alicheka.

Basi akamfundisha. Kila alipocheka mbele ya mtu, mama yake alimwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama anayemfuta mate. Alipocheka tena, kiganja tena. Mtoto mdogo hujifunza haraka kuliko tunavyopenda kuamini. Baada ya muda ikawa akimwona mtu anakuja tu, anafunga midomo yake mwenyewe na kumtazama mama yake. Watu walimsifu. Walisema mtoto ametulia, amekuwa kama mzee wa baraza. Mama yake aliitika sifa hizo, akashukuru.

Migombani ndiko walikochekea. Chini ya shamba lao palikuwa na mahali majani yaliposhikana, mtu wa njiani asione kitu. Alisema anakwenda kukatia mbuzi majani, akaenda na mtoto mgongoni. Huko alimpulizia tumbo, akalia kama mbuzi, akapiga mluzi wa treni. Yote tuliyoyaona sisi uani miaka mingi baadaye yalianzia huko, kwa sauti ya chini, jicho moja likiwa njiani. Baadaye alimwambia mama yangu kwamba siku zile za migombani ndizo zilizokuwa njema kuliko zote alizopewa. Jua lilichungulia kidogo, mtoto amelala chali kwenye majani makavu, kinywa wazi, jino moja la juu linang'aa kama punje ya mchele. "Nilikuwa naogopa," alisema, "na nilikuwa na furaha. Sijui mwanamke mwingine aliyeonja vitu hivyo viwili kwenye kijiko kimoja."

Na wakati huo huo mama mkwe alianza kukaa kwenye jiwe.

Jiwe lile liko mpaka leo, mahali njia ya kwao inapoachana na njia kubwa. Bibi wa Juu hakuwa na desturi ya kukaa. Ghafla kila siku, asubuhi akishamaliza kazi ya mbuzi, alikwenda kukaa pale na kusuka kikapu, na hakuondoka mpaka jioni. Mkwe wake akitaka kwenda kwa jirani, alimuuliza anakwenda wapi, na kama anakwenda na mtoto. Mama wa Juu aliona mara moja maana yake: mama mkwe amejua, na anamlinda asitoroke na mtoto mpaka wazee wa ukoo waje. Kwani kwa nini kingine mzee akae kwenye jiwe akipigwa na jua?

Siku ya soko la Makanya hakupita njiani. Alishuka na mfereji wa maji, pembeni kabisa mwa shamba, mtoto mgongoni, akaifuata njia ya mbuzi mpaka chini tambarare. Kulikuwa na mwanamke aliyezoea kununua ndizi zake, mke wa kibarua wa gengi la reli, Mnyamwezi, ambaye hakuwa na mtoto hata mmoja. Waliishi kwenye vibanda vya mabati kando ya reli. Alimwambia kila kitu. Mwanamke yule alimfungua mtoto mdomo akatazama, akasema kwao jino kama hilo si kitu.

"Kaa naye mpaka ya chini yatoke," Mama wa Juu alimwomba. "Nitakuja kila soko. Yakitoka, nampandisha mlimani, hakuna atakayejua."

"Nitamtunza, dada. Nenda, usije ukatafutwa."

Mtoto alipomwona mama yake anainuka, alifunga midomo akamtazama, kama alivyofundishwa kufanya mbele ya mgeni. Hakulia. Kwa miaka yote aliyoishi baadaye, Mama wa Juu alisema kwamba angeweza kusahau mengine kama mtoto angelia.

Nyumbani alisema amempeleka mtoto kwao, kwa mama yake mzazi, ng'ambo ya mlima, aachishwe ziwa. Ni jambo la kawaida. Bibi wa Juu alimtazama tu. Siku iliyofuata hakwenda kwenye jiwe. Wala siku ya pili. Siku ya tatu alikuja jikoni, akakaa karibu na moto, akasema maneno marefu kuliko yote aliyowahi kumwambia mkwe wake.

"Nenda kamchukue mtoto kokote ulikompeleka. Jino nililiona kabla yako, siku uliyokwenda kuchota maji ukaniachia. Nilikaa njiani ili mtu asiingie. Shangazi zake walikuja wakitaka kumbeba, nikawaambia ana surua. Mzee wa ukoo alikuja, nikamwambia ana surua. Mimi nilitoa mmoja, zamani, wa kwangu. Nilimtoa kwa mikono hii. Sikuwa na mtu wa kunikalia njiani."

Mama wa Juu hakungoja siku ya soko. Mama yangu alimwona akipita mbio, bila kilemba, akadhani amepatwa na wazimu. Alifika Makanya jua likiwa kali. Vibanda vya mabati vilikuwa vimeng'olewa. Zilibaki alama za mafiga na shimo la choo. Gengi lilikuwa limehamishwa ghafla, limepakiwa kwenye behewa la mizigo, lipelekwe Tanga na kutoka huko mbali zaidi, reli ya kati. Bwana stesheni, Mhindi mwema, alimpa maji ya kunywa, lakini hakuwa na la kumsaidia; vibarua hawakuandikwa majina ya kwao, na yule mume wenzake walimwita Nyundo tu. Mama muuza uji pale stesheni ndiye aliyekuwa na kitu. Alimpa kitambaa alichokuja nacho mtoto. Yule Mnyamwezi alikiacha ili mama yake ajue hawakumwiba. Alikuwa amelia, hakuwa na wa kumwachia mtoto, na nyapara alikuwa anapiga kelele wapande. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa vizuri.

Mume alipopata habari aliacha kazi ya mkonge akaifuata reli, akiuliza kila kambi habari za Nyundo. Alirudi amekonda, hakuwa na jibu. Mambo yakaishia hapo, kama kweli jambo la namna hiyo linaishia.

Mama alipomaliza kusimulia, maharage yalikuwa yamekwisha kupembuliwa zamani, naye bado anatikisa ungo. "Kwa hiyo akikupiga mkono," alisema, "usiuzibe tena mdomo wako mbele yake. Basi."

Tangu hapo nilimtazama Mama wa Juu kwa macho mengine, na mambo yaliyokuwa yakinichanganya yakajieleza. Kwa mfano, mwanamke huyu aliyemfuta kamasi mtoto wa mtu yeyote hakukubali kumtazama mtoto fizi. Mama fulani akisema mwanawe anatoa mate sana, labda jino, basi Mama wa Juu alikumbuka chungu alichokiacha motoni. Hata binti zake mwenyewe, meno yao ya kwanza yalitazamwa na Bibi wa Juu. Yalipotoka ya chini, bibi alitoka nje akasema neno moja, "Chini," na mkwe wake akaanza kupumua.

Wanawake wale wawili waliishi uani pamoja mpaka bibi alipofariki, na sikuwahi kusikia wakigombana. Wala sikuwaona wakizungumza sana. Jioni Mama wa Juu alimkatia bibi muwa vipande vidogo kwa sababu alibaki na ufizi tu. Bibi aliendelea kukaa kwenye jiwe mpaka mwisho wa maisha yake, akisuka vikapu, na kila mgeni aliyepanda kutoka tambarare alimsimamisha akamtazama usoni. Sasa alikuwa akingoja mtu aingie.

Mama wa Juu yeye alikwenda reli. Kila soko la Makanya alishuka na mkungu wa ndizi mbivu kichwani, akauza madirishani treni iliposimama. Hapo ndipo alipopata umaarufu wa vichekesho. Aliwatania abiria, akawaiga wazungu wa daraja la kwanza wanavyokunja pua, akamuuliza kijana fulani kama shati lake ameliazima kwa babu yake. Behewa zima lilicheka, na yeye alisimama na ndizi mkononi, kichwa kimeinama upande kidogo. Wakati wa vita ya Hitla, mabehewa yalipopita yamejaa vijana walioandikishwa uaskari, aligawa ndizi bure na kuwachekesha mpaka filimbi. Nilikuwa naye siku moja, msichana mkubwa tayari. Nilimuuliza, kwa ujinga wa ujana, kama anadhani atamjua uso.

"Uso wa mtoto haukai," alisema. "Natafuta kicheko. Kile cha kuvuta pumzi kwanza."

Treni ikaondoka. Alibaki anaitazama mpaka mkia wake ukapotea kuelekea Same. Halafu akasema jambo ambalo ningependa nisingelisikia.

"Ila kuna siku nafikiri, je, kama hacheki? Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga mdomo akiona watu. Pengine amepita hapa mara nyingi tu, kijana ametulia, amefunga midomo, ananitazama. Nami nimemruka nikamfuata anayecheka."

Nilimtwisha kikapu, tukapanda mlima.

Mimi niliolewa kaskazini, Ugweno, mbali kidogo na kwetu. Huko nilipata mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Jino lake la kwanza lilitoka juu. Mama mkwe wangu alilitazama, akasema, "Jino ni jino," akaendelea kumenya ndizi. Nyakati zilikuwa zimebadilika, vijana walikuwa wanazungumzia uhuru, na hakuna aliyemwogopa mtoto wangu. Hata hivyo siwezi kudanganya: siku ile niliogopa. Nilipokwenda kumwonyesha mama yangu mtoto, nilijua nitapanda na juu.

Nilimkuta Mama wa Juu amekaa kwenye jiwe. Alikuwa amezeeka, macho yameanza kufunga ukungu, na safari za reli alikuwa ameziacha kwa sababu ya miguu. Alisikia hatua akainua kichwa haraka mno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani? Wa chini?"

"Wa chini, mama. Nimekuletea mtu."

Uso wake ulifunguka wote. Hakuniuliza habari za safari wala za mume. Aliinuka kwa kunishika bega, akanielekeza beseni lilipo, lile lile, limetobolewa na kuzibwa kwa lami, na akanituma maji kama ningali mtoto. Tuliliweka katikati ya uwanja penye jua. Aliyajaribu kwa kiwiko. Alimpokea mwanangu, akampapasa mabega, miguu, vidole, akimsifu kila kiungo kivyake, akamweka majini. Akamlilia kama mbuzi. Mtoto akamtazama. Akapiga mluzi wa treni, ingawa pumzi haikutosha mpaka Makanya. Kisha akainama akampulizia tumbo.

Mwanangu alicheka kinywa wazi, jua likampiga moja kwa moja, na jino lake moja la juu likaonekana. Hata kwa macho yale aliliona.

Wakati huo huo watu walikuwa wanapita njiani na majembe. Mkono wa kulia wa Mama wa Juu ulipanda wenyewe. Nilikuwa karibu, nasema nilichokiona: hakuuinua, ulipanda. Ulimziba mwanangu mdomo, taratibu, kama unaomfuta mate. Yule aliyetupiga mikono miaka yote kwa kuziba midomo yetu alikuwa amemziba mtoto wangu, na jicho lake moja lilikuwa limekwenda njiani.

Wapita njia walisalimu wakaendelea. Hakuondoa mkono. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka ndani ya kiganja. Niliona mashavu yakitikisika. Machozi yalianza kumtoka yule mama bila sauti yoyote.

"Hivi hivi," alisema. "Kilikuwa kinatekenya hapa, katikati ya kiganja. Hivi hivi."

"Mama," nilimwambia, "ni mwanangu. Hakuna anayemtafuta."

Nilimshika mkono nikauondoa. Haukuwa mzito, lakini haukutaka kuja. Mwanangu aliendelea kucheka uwanja mzima ukasikia, na kutoka njiani mtu mmoja akacheka naye kwa mbali. Mama wa Juu aliniacha nimshike ule mkono wake mapajani mwangu, unadondosha maji. Aliutazama kwa muda.

"Na yule wangu," aliniuliza, "unadhani alipata mtu wa kumtoa mkono?"

Maji yalikuwa yanapoa, nikamtoa mtoto nikamfunga kanga.